Zizi la Stempu za Mzee Ngassa

Jumatatu, 14 Julai

Ushindi! Saa nne asubuhi baba mkwe, Mzee Ngassa, kaingia dukani kwangu akiongozwa mkono na mke wangu Nancy. Kwapani kabeba albamu yake ya stempu. Ile ile! Stempu mia nne na kumi na mbili, za miaka thelathini ya ukarani wa posta. Kesho anakwenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho, atakaa huko wiki mbili. Albamu kaiacha kwangu.

Kwangu, si kwa Josia!

Josia ni mwanyumba wangu, kaoa mdogo wake Nancy. Mwalimu wa jiografia. Ana miwani, anaongea taratibu, anasikiliza mpaka mtu amalize. Simpendi.

Mzee kasema mbele ya mashahidi, yaani Nancy na mteja aliyekuja kupiga fotokopi cheti cha ubatizo, kwamba akirudi na jicho jipya ataikagua albamu ukurasa kwa ukurasa. Akiikuta salama, nitakuwa mtunzaji wake moja kwa moja, kwani yeye umri umekwenda. Akiikuta imeharibika, inakwenda kwa Josia. Na siku ya Nanenane, kwenye maonyesho ya wakulima pale Nyakabindi, mtunzaji atakaa nayo mezani watu wapite kuitazama. Nimeshajiona. Suti ya kijivu. Beji kifuani: A. Mayige, Mtaalamu wa Stempu.

Kaacha na karatasi ya masharti kumi na moja. Usishike stempu kwa vidole. Usiianike juani. Usipake gundi. Nimesoma mpaka la saba. Yaliyobaki yameandikwa kwa herufi ndogo na bila shaka yanafanana na haya.

Jumanne, 15 Julai

Nimefungua albamu. Masikini Mzee! Stempu hazijabandikwa. Kila moja imeshikizwa na kikaratasi kimoja kilichokunjwa, nusu kwenye stempu, nusu kwenye ukurasa. Ukipuliza, ukurasa mzima unapepea. Mtu kafanya kazi posta miaka thelathini, gundi ipo mezani pake kila siku, na bado kaibania!

Nimeazima kibano cha nyusi cha Nancy. Sikutaka kumsumbua kwa kumwambia.

Halafu wazo likaja. Duka langu ni la fotokopi, picha za paspoti na lamineshi, ile ya kufunga karatasi ndani ya plastiki kwa moto. Masharti yanakataza gundi. Hayasemi neno lolote kuhusu plastiki! Nikachomoa stempu za kurasa tatu za mwanzo, nikazipanga ndani ya plastiki, nikazipitisha kwenye mashine. Ukurasa wa kwanza ulitoka umejikunja kidogo, na twiga mmoja kawa kahawia zaidi kuliko twiga wengine. Kurasa mbili zilizofuata, safi kabisa! Zinang'aa. Nimezimwagia chai kwa majaribio, na chai imeteleza yote ikaishia kwenye suruali yangu.

Nancy kaja kuuliza kama nimeona kibano chake. Nikasema sijakiona. Alikuwa anakitazama mkononi mwangu.

Jumatano, 16 Julai

Josia kaja eti kusalimia. Mwangaluka, mhola, nyumbani mhola, shuleni mhola, na muda wote macho yako kabatini. Kaleta zawadi: vimfuko vya plastiki laini alivyoagiza Dar, unachomeka stempu humo bila kuigusa. Kisha, kwa upole wake ule, kanishauri nisifanye lolote. Kabati kavu, giza, nifunge mlango, nimsubiri Mzee.

Mtego huo! Mtu anayetaka ushindwe ndiye anayekwambia ukae bure.

Nikamwonyesha ukurasa uliopita kwenye mashine. Kavua miwani, kaifuta kwa shati, kaivaa, katazama tena. Kaomba maji ya kunywa. Wivu ukimkaba mtu unauona shingoni. Vimfuko vyake nimewekea picha za paspoti za wateja, vinafaa sana.

Alhamisi, 17 Julai

Mchwa! Asubuhi nimeinua rimu ya karatasi kutoka rafu ya chini, nikabaki na kifuniko mkononi. Wamekula rimu mbili nzima, hatua mbili tu kutoka kabati la albamu. Nikakaa kwenye kiti cha kupigia picha nikafikiri.

Nikamkumbuka babu, kule Kimali. Babu alikuwa na ng'ombe mia mbili, lakini zizini kwake hukuti zaidi ya hamsini. Waliobaki wako kwa shemeji, kwa rafiki, kwa jamaa wa vijiji vya mbali. Wao wanakamua na kunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa babu. Ugonjwa ukiingia hapa, wa kule wazima. Wezi wakipiga kule, wa hapa wapo. Babu hakuwahi kuamka akiwa fukara hata siku moja.

Na Mzee Ngassa, kwa heshima zote, kafuga mia nne na kumi na mbili kwenye zizi moja! Miaka yote hiyo! Ni bahati tu iliyomlinda.

Nitazigawa. Makundi matatu: Bariadi hapa kwangu, Kimali kwa ndugu yangu Jilala, Migato kwa shangazi Kwandu. Nimefunga duka saa nane mchana nikachomoa moja moja kwa kibano, mpaka kidole gumba kimeota lengelenge. Bahasha ndogo za picha za paspoti zimetosha. Bariadi mia thelathini na mbili, Kimali mia arobaini, Migato mia arobaini.

Nancy kauliza kwa nini duka limefungwa mchana kweupe. Nikamjibu kwamba nahesabu mifugo. Kaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya mnada. Jilala, mtoto wa baba yangu mkubwa, kaja kutoka Kimali na madume mawili ya kuuza. Huyu ni mtu wa ng'ombe kuanzia kofia mpaka kandambili za tairi, na sidhani kama kawahi kuandika barua. Lakini nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. Mwenye mali anagawa, mtunzaji anapokea, ndivyo tulivyokuta. Kanawa mikono kwanza ndipo akapokea bahasha. Nilipenda sana.

Kauliza mambo matatu. Kwanza, zinakula nini. Nikasema hazili. Kafurahi, maana malisho mwaka huu ni shida.

Pili, zinabeba alama gani. Nikasema ile ile ya babu. Kaitikia kwa kichwa, tukaanza kumkumbuka babu, na mimi machozi yakanilengalenga pale katikati ya ng'ombe.

Tatu, fungu lake. Mtunzaji hatunzi bure, lazima apate ndama wake. Hapo nikatumia akili. Kulikuwa na stempu moja, ukurasa wa tisa, imekaa peke yake ukurasa mzima. Ya kijani, ina kindege, kona imechanika, muhuri umefifia. Imekonda kabisa! Kwa nini Mzee kaipa ukurasa mzima sijui, huenda jicho lilishaanza kumsumbua siku nyingi. Nikamwambia Jilala kwamba ndama wake ni yule, yumo kwenye bahasha ya peke yake. Kapokea kwa mikono miwili, hakuifungua, kaitia mfukoni na kunishukuru, ngosha, Mungu akuzidishie.

Nilicheka mpaka nimefika nyumbani.

Jumapili, 20 Julai

Bodaboda mpaka Migato. Vumbi limeingia hadi kwenye soksi. Shangazi Kwandu kanipokea kwa kunilalamikia kwamba nimekonda, ng'wanawane, mkeo anakulisha nini, na kunijazia sahani ya michembe ya viazi na karanga. Kisha kauliza kama mwenye mali anajua kwamba mali yake imeletwa Migato. Nikasema mwenye mali ni mimi. Kanitazama kwa muda ambao haukuwa wa lazima.

Mwisho kakubali. Kasema atazitunza kama anavyotunza mbegu, na kwamba babu alipompa ng'ombe wa kutunza, mkononi mwake hakufa hata mmoja. Nimerudi na amani moyoni na jogoo wa zawadi miguuni.

Jumatano, 23 Julai

Nancy kainua albamu afute vumbi, kasema mbona nyepesi. Alipotoka nimechomeka magazeti katikati. Uzito sasa ni ule ule.

Josia kapiga simu kuuliza hali ya albamu. Nikamjibu kwamba iko malishoni. Nilisikia kengele ya shule yao ikigongwa mara mbili kabla hajakata.

Nimeanza kuandika hotuba ya Nanenane. Inaanza: Ndugu wananchi, stempu ni uhai.

Ijumaa, 25 Julai

Balaa! Mzee anarudi Jumapili. Keshokutwa! Nancy kaniambia huku anashangilia. Jicho limepona mapema, daktari kamruhusu, na Mzee anajisifu kwenye simu kwamba anamwona mende akiwa ukuta wa pili na kumtambua kama ni yule wa jana. Nikasema tumshukuru Mungu.

Nimempigia Jilala mara ishirini na tatu. Kwake mtandao haushiki mpaka apande kichuguu fulani nyuma ya zizi, na leo hakupanda. Nikamtumia ujumbe: Rudisha kundi haraka, Jumapili, kwa mkwe wangu. Sina hakika kama anasoma ujumbe.

Jumamosi, 26 Julai

Migato alfajiri. Shangazi kanipeleka kwenye kihenge cha nafaka, kaingiza mkono mpaka begani, katoa chungu. Ndani ya chungu, majivu. Ndani ya majivu, stempu. Kama mbegu, alisema hivyo, nami nilisikia kwa masikio yangu na sikuuliza. Nikapuliza, nikapiga chafya kumi. Malkia, marais, samaki, vipepeo, wote wamekuwa wa kijivu.

Nikahesabu. Mia moja hamsini na moja. Nikahesabu tena. Mia moja hamsini na moja! Nilipeleka mia arobaini. Shangazi kasimama mikono kiunoni, anatabasamu kwa fahari. Kasema mali ikija kwake hairudi kama ilivyokuja, ataonekana mtunzaji wa namna gani? Zimeongezeka kumi na moja. Nimezichambua: lebo nne za majani ya chai, vocha tano zilizokwanguliwa, kibandiko cha sabuni, na picha ndogo ya Mtakatifu Antoni. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Mchana wote nimerudisha stempu kwenye albamu. Vikaratasi vya kukunja vimeisha, nimetumia selotepu. Zile kumi na moja nazo nimezibandika. Idadi ni idadi, na jicho la Mzee ni moja tu. Kundi la Kimali bado halijafika.

Jumapili, 27 Julai

Naandika haya usiku, kabla sijavua viatu.

Tumefika kwa Mzee baada ya misa. Josia kashafika, katia tai. Mzee kavaa miwani myeusi ya hospitali. Na mkekani, mbele ya kikombe cha chai, kakaa Jilala! Nikamkonyeza. Kanisalimia kwa sauti kubwa, mwangaluka ngosha, kama mtu asiye na siri yoyote duniani.

Mzee kavua miwani, kafungua albamu. Ukurasa wa kwanza, kaugonga kwa ukucha. Kauliza kama twiga wamefungwa humo wakiwa hai. Ukurasa wa kumi na tano, kapiga chafya. Kafika kwa Mtakatifu Antoni, kauliza ni stempu ya nchi gani. Nikasema ni toleo adimu. Josia kaangalia dari. Lakini Mzee hakukasirika. Alikuwa anarudisha kurasa nyuma upesi upesi, anatafuta kitu. Kafika ukurasa wa tisa. Gazeti.

Kauliza iko wapi. Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile. Mikono yake ilikuwa inapapasa gazeti kama ile ya kipofu, na jicho kafunguliwa juzi tu!

Hapo Jilala kasogea mbele kwa magoti, kafungua fundo la kitambaa, katoa bahasha yangu. Kaomba radhi kwa kuchelewa. Kaeleza kwamba alipofika Kimali alimfungua ndama wake, akamkuta ana sikio lililokatwa. Yaani ana alama. Si alama ya babu, ni alama ya mtu mwingine. Mnyama mwenye alama ya mtu humchukui, hata ukipewa na ndugu yako, utaitwa mwizi. Akamgeuza aone upande wa pili. Kuna maandishi ya penseli. Akampelekea katekista amsomee. Imeandikwa: Nancy Ngassa. Akajua ni wa nyumba hii, akapanda basi na kundi zima, amrudishe kwa mwenyewe. Ujumbe wangu? Hakuuona, simu anayo mke wake.

Mzee kaipokea ile ya kijani kwenye kiganja. Daktari kamkataza kulia mwezi mzima. Kalia.

Stempu ile ilikuja na barua ya marehemu mama mkwe, Sayi. Mzee alikuwa Tabora kikazi. Barua ilikuwa na habari moja tu: mtoto kazaliwa, wa kike, nimemwita Nancy. Aliifungua bahasha kaunta, foleni ya watu ikimtazama, kwa haraka ile kona ikachanika. Barua yenyewe ililiwa na mchwa zamani. Picha za mama hakuna. Kilichobaki ni kile kindege.

Nancy akachukua karatasi ya masharti iliyokuwa imechomekwa kwenye jalada, akasoma la kumi na moja kwa sauti: Ukurasa wa tisa usiguswe, ni wa Nancy. Kisha kanitazama. Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona aibu, nikatamani mkeka univiringe.

Mambo hayakuishia hapo. Jilala katoa kundi lililobaki. Zote mia moja thelathini na tisa zimekatwa pembe tatu kwenye kona ya kushoto, safi, kwa wembe mpya. Alama ya babu. Si nilimwagiza mwenyewe? Moja ililiwa na mbuzi, kaleta nusu iliyobaki, nisije nikadhani kaiuza. Josia kasema Mungu wangu, na katoka nje.

Mzee kafuta macho, kacheka. Kweli kacheka! Kasema karatasi zile nyingine alizikusanya apitishe muda tu. Kisha kaamua. Kindege kapewa Nancy. Albamu kapewa Jilala aitunze, kwani katika ukoo mzima yeye ndiye pekee aliyepewa kitu cha mtu akauliza ni cha nani. Jilala kakataa mara tatu, mara ya nne kapokea. Siku ya Nanenane atakaa mezani yeye, na kofia yake.

Angalau Josia hakupata.

Nancy hakuongea njia nzima.

Jumatatu, 28 Julai

Nancy haongei. Asubuhi kaniwekea chai, kaweka kikombe mezani kwa kishindo, kaondoka. Mchana kasema neno moja, na neno lenyewe alikuwa anamwambia jogoo. Nyumba imenizidi baridi. Nampenda mke wangu, nisiulizwe mara mbili. Lazima nitengeneze.

Nimefikiri sana. Kosa langu nimelipata: niliwaamini jamaa. Ningezifanya zote mwenyewe, kwa mkono wangu, mambo haya yasingetokea.

Sasa, kile kindege kakiweka wapi? Ndani ya Biblia! Kimekaa wazi, kati ya Ruthu na Samweli! Karatasi juu ya karatasi, na mchwa tunao hapa hapa. Barua iliondoka hivyo hivyo. Mtu akipoteza kumbukumbu pekee ya mama yake kwa uzembe kama huo, nani atalaumiwa? Mimi.

Kaenda sokoni. Atarudi akute kinang'aa, hakiingii maji wala vumbi, kitadumu mpaka wajukuu. Ataongea tu. Nimeiwasha mashine ya lamineshi, safari hii moto wa kutosha, kisije kikajikunja. Kibano kakificha sijui wapi.

Taa ya kijani imewaka. Si neno, vidole ninavyo.